Herufi Zinazovurugika Kando ya Ziwa Mweru: Kweli au Si Kweli?

Ziwa hili lina pwani mbili na tahajia zaidi ya moja. Ukiwa Nchelenge au Kashikishi, upande wa Zambia, jina lake ni Mweru. Ukivuka hadi Kilwa au Pweto, upande wa Kongo, ramani nyingi za Kifaransa huliandika Moëro, na vitone viwili juu ya e. David Livingstone, aliyefika hapa Novemba 1867, aliandika Moero bila vitone. Watu na samaki wakavu huvuka maji haya bila kujali tahajia. Mafaili ya kompyuta hayavuki kwa urahisi huo. Orodha iliyoandikwa upande mmoja ikifunguliwa upande wa pili, Moëro huweza kutokea kama MoÃ«ro, jina Thérèse likawa ThÃ©rÃ¨se, na mto Ng'ona, ule wenye maporomoko ya Ntumbachushi kule Kawambwa, ukawa Ngâ€™ona.

Anayeathirika ni mwenye jina: mgonjwa ambaye kadi yake haionekani kwenye mfumo, mwanafunzi ambaye cheti chake hakilingani na kitambulisho, mkimbizi anayeambiwa hayumo kwenye orodha. Chanzo chake kinaeleweka vizuri kabisa, ila kimefunikwa na maelezo ya kukisia yanayopita mdomo kwa mdomo ofisini na kwenye steshenari. Hapa nimeyachukua yale yanayosikika sana, nikayapima.

"Faili limeingia virusi, au limeoza."

Si kweli.

Kompyuta haihifadhi herufi. Inahifadhi namba, na kila namba, kati ya 0 na 255, inakaa kwenye baiti moja. Ili namba igeuke herufi kwenye kioo, lazima pawe na jedwali linalosema namba fulani ni herufi fulani. Jedwali mama ni ASCII, lililotolewa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1963. Lina nafasi 128 tu: a hadi z, kubwa na ndogo, tarakimu, na alama za uandishi zinazotosha Kiingereza. Nusu ya pili ya baiti, kuanzia 128 hadi 255, ilibaki wazi, na kila mtengenezaji akaijaza alivyoona. Ndipo mambo yalipogawanyika.

Chukua ile ë ya Moëro. Kwenye kompyuta za zamani za DOS zilizotumia jedwali namba 850, ilikuwa 137. Kwenye Windows-1252, jedwali ambalo Windows ilitumia kwa miaka mingi kwa lugha za Ulaya Magharibi, ni 235. Kwenye UTF-8, usimbaji (yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa namba) unaotawala leo, si namba moja bali mbili zinazofuatana, 195 na 171.

Sasa tulifuate faili lenyewe. Karani amehifadhi orodha kwa UTF-8, na jina la ziwa limekaa hivi: 77 111 195 171 114 111. Mwenzake analifungua kwa programu inayosoma kwa Windows-1252. Programu hiyo haijui kwamba 195 na 171 ni herufi moja. Inasoma kila namba peke yake: 77 ni M, 111 ni o, 195 ni Ã, 171 ni «, 114 ni r, 111 ni o. MoÃ«ro. Hakuna baiti hata moja iliyoguswa. Faili ni zima, ila limesomwa kwa jedwali lisilo lake. Na kama orodha ingetoka kwenye mashine ya DOS, ile 137 ingesomwa kwa Windows-1252 kama alama ya kwa elfu, na ziwa lingeitwa Mo‰ro.

Kwa sababu ni suala la majedwali, mvurugiko huu una utaratibu usiobadilika. Kila é itakuwa Ã©, kila è itakuwa Ã¨, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anayejua utaratibu huo anaweza kutambua kilichotokea kwa kutazama tu. Ukiona Ã inayorudiarudia, ikifuatwa kila mara na alama nyingine, basi maandishi ni ya UTF-8 yaliyosomwa kwa jedwali la zamani.

"Kiswahili na Kibemba havina herufi zenye alama, kwa hiyo shida hii ni ya wanaoandika Kifaransa."

Si kweli, na ndilo dai linaloniuma kuliko mengine, maana linatufanya tusijilinde.

Ni kweli kwamba majina kama Kilwa, Pweto, Kashikishi na Mwansabombwe hayavurugiki katika mazingira haya. Herufi zake zote zimo katika zile nafasi 128 za ASCII, na hizo ni zilezile kwenye DOS, kwenye Windows-1252 na kwenye UTF-8. Hata hivyo, usalama huo ndio unaotupotosha. Mtu anapitia orodha ya vijiji hamsini, anaona arobaini na nane viko sawa na viwili vimeharibika, anadhani ni bahati mbaya au kosa la mpiga chapa.

Lakini tuna ng'. Tuna ng'ombe, ng'ambo na kung'aa. Wabemba wana ing'anda, yaani nyumba, na ing'wena, yaani mamba, mnyama ambaye mvuvi wa Mweru hawezi kumsahau. Ritifaa ndiyo inayotofautisha sauti hizi, na kwenye kibodi tunaipiga kwa kitufe kimoja kinachotoa namba 39, ambayo imo ndani ya ASCII na ni salama popote.

Tatizo ni kwamba programu nyingi za kuandikia, na baadhi ya simu, haziiachi ilivyo. Zimetengenezwa zikidhani ritifaa ni alama ya mtajo ya Kiingereza, kwa hiyo huibadilisha papo hapo kuwa ile iliyopinda: ’. Kwa jicho ni uzuri mdogo wa uchapaji. Ndani ya faili ni kitu kingine kabisa. Ritifaa iliyopinda haimo ndani ya ASCII. Kwenye Windows-1252 ni namba 146, na kwenye UTF-8 ni namba tatu: 226, 128 na 153. Zisome hizo tatu moja moja kwa Windows-1252, utapata â, kisha alama ya euro, kisha alama ndogo ya nembo ya biashara. Kwa njia hiyo ng'ombe anakuwa ngâ€™ombe, na mto Ng'ona, ambao haujawahi kuwa na uhusiano wowote na euro, unaandikwa Ngâ€™ona.

Hata pasipo mvurugiko, ritifaa mbili tofauti katika orodha moja zinatosha kuleta hasara. Mtu akitafuta Ng'ona kwa ritifaa iliyonyooka, kompyuta nyingi hazitampa Ng’ona yenye iliyopinda, kwa kuwa kwao ni namba tofauti. Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi ambayo UTF-8 huisimba, ina hata ritifaa ya tatu, iliyowekwa makusudi kwa lugha ambazo kwazo ni sehemu ya herufi, katika nafasi 02BC. Ukiitumia, programu huihesabu kuwa herufi na haikati neno katikati. Kwa uchapaji wa vitabu ni wazo zuri. Kwa orodha za wilaya, ambako kila mtu anapiga kwa kibodi yake, ushauri wangu ni ritifaa iliyonyooka, namba 39, na kuzima ubadilishaji wa alama za mtajo kwenye mipangilio ya programu kabla ya kuandika jina la kwanza.

"Kompyuta inatambua yenyewe faili limeandikwa kwa usimbaji gani."

Si kweli. Inakisia.

Faili la maandishi matupu halibebi lebo. Ni mfululizo wa namba tu. Ukurasa wa tovuti unaweza kujitangaza kwamba umeandikwa kwa UTF-8, na faili la Word lina maelezo yake ndani. Lakini faili la .txt au .csv, aina inayotumiwa mno kuhamisha orodha kutoka mfumo hadi mfumo, linafika bila maelezo yoyote. Programu inayolifungua ama inachukua jedwali ililozoea, ama inapima namba na kuamua kwa kukisia.

Mfano mashuhuri wa kukisia vibaya ni wa Notepad ya Windows XP. Ukiandika sentensi ya Kiingereza "Bush hid the facts", ukahifadhi, ukafunga, ukafungua tena, ilitokea mistari ya herufi za Kichina au visanduku vitupu. Watu walizua uvumi wa siasa. Kumbe sentensi ile ina herufi na nafasi 18, na mpangilio wake uliifanya Notepad iamini kwamba inaangalia jozi tisa za baiti, yaani herufi tisa za Kichina. Sentensi nyingine zenye mpangilio huohuo zilileta matokeo yaleyale. Hitilafu hiyo iliondolewa katika Windows Vista.

Watu wa ziwani hudhani pia kwamba mpaka wa matatizo ni mpaka wa nchi, Kifaransa kule na Kiingereza huku. Sivyo. Windows ya Kifaransa na Windows ya Kiingereza zote zilizoea jedwali lilelile la 1252, kwa hiyo faili la zamani kutoka Lubumbashi lingefunguka vizuri Nchelenge. Mgongano halisi uko kati ya programu zilizohamia UTF-8 na zile zilizobaki kwenye jedwali la zamani, na zote mbili huweza kukaa kwenye kompyuta moja. Notepad ilianza kuhifadhi kwa UTF-8 bila kuulizwa mwaka 2019, katika toleo la 1903 la Windows 10. Programu ya takwimu R ilifanya UTF-8 kuwa ya kawaida kwenye Windows mwaka 2022, katika toleo 4.2. Excel, ukiibonyeza .csv mara mbili, bado huelekea kuisoma kwa jedwali la zamani la Windows, isipokuwa faili limeanza na baiti tatu maalumu, 239, 187 na 191, zinazolitambulisha kuwa la UTF-8.

Baiti hizo tatu zenyewe huleta shida zikikutana na programu isiyozijua. Zinatokea kama ï»¿ mwanzoni kabisa mwa faili, na wakati mwingine hazionekani hata kidogo. Safu ya kwanza iliyoitwa Jina inakuwa ï»¿Jina, na programu inajibu kwamba safu ya Jina haipo. Mtu anaweza kupoteza asubuhi nzima akitazama neno lililo mbele ya macho yake huku akiambiwa halipo.

Njia ya uhakika ni kutoiachia programu ikisie. Katika Excel, usibonyeze faili mara mbili. Lilete kupitia sehemu ya kuingiza data, na katika orodha ya asili ya faili uchague 65001, ambayo ndiyo namba ya UTF-8 kwa Windows. LibreOffice Calc ni muungwana zaidi: kila unapofungua .csv hukuuliza seti ya herufi na kukuonyesha mfano wa mistari chini yake, ukaamua kwa macho yako.

"Ni suala la fonti. Badilisha fonti, yatanyooka."

Karibu kila mara si kweli. Fonti ni sura ya herufi, haiamui namba fulani ni herufi gani. Ã itabaki Ã kwa fonti yoyote utakayoichagua. Lipo tukio moja ambalo dai hili lina ukweli: ukiona visanduku vitupu, vyote vya umbo moja, huenda herufi imesomwa sawasawa ila fonti yako haina umbo lake. Hapo kubadilisha fonti husaidia.

"Yakishavurugika, maandishi ndiyo yamepotea."

Nusu kweli, na nusu hiyo inategemea jambo moja: je, kuna mtu aliyehifadhi?

Mvurugiko una pande mbili, na hazilingani kwa madhara. Upande wa kwanza ni faili la UTF-8 lililosomwa kwa Windows-1252, kama MoÃ«ro tuliyoiona. Hapa hakuna kilichopotea. Lifunge bila kuhifadhi, lifungue tena kwa jedwali sahihi, na vitone vinarudi juu ya e yake. Hata kama mtu amelihifadhi likiwa limevurugika, mara nyingi bado kuna njia. Faili linakuwa limesimbwa mara mbili: Ã na « kila moja inaandikwa kwa baiti mbili, na likisomwa vibaya tena linakuwa MoÃƒÂ«ro. Jina la herufi tano lililochukua baiti sita linachukua nane, kisha kumi na mbili, na linazidi kunenepa kila linapopita mikononi mwa asiyejua. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua, kwa kuhifadhi kwa Windows-1252 na kufungua kwa UTF-8, unaweza kulikuta jina likiwa zima.

Kuna mtego katika njia hiyo ya kurudi. Herufi à, ambayo Kifaransa hakiwezi kupita sentensi chache bila kuitumia, kwa UTF-8 ni 195 na 160. Kwenye Windows-1252, 160 ni nafasi tupu ya aina ya pekee, kwa hiyo unaiona Ã ikifuatwa na kitu kama nafasi ya kawaida. Mtu mwenye nia njema akija kusafisha nafasi za ziada katika orodha, ile 160 inafutika au inageuzwa 32, na à haiwezi kurudishwa tena kwa kanuni. Vilevile namba tano za Windows-1252 hazina herufi yoyote: 129, 141, 143, 144 na 157. Herufi zinazozihitaji, kwa mfano Á kubwa yenye 195 na 129, zinaweza kuangukia hapo na kupotea.

Upande wa pili ndio unaotisha. Faili limeandikwa kwa Windows-1252, na programu inalisoma kwa UTF-8. Inafika kwenye 235. Kwa kanuni za UTF-8, 235 inatangaza herufi ya baiti tatu, na baiti mbili zinazofuata lazima ziwe kati ya 128 na 191. Badala yake inakutana na 114, r ya kawaida. Kanuni imevunjika, na programu inaweka alama ya kukiri kwamba imeshindwa: �. Ikibaki kwenye kioo tu, si neno. Lakini mtu akibonyeza hifadhi, alama ile inaandikwa kwenye faili kama herufi halali, 239, 191 na 189, na ile 235 haipo tena popote. Mbaya zaidi, é, è, ë na ç zote zinageuka kuwa � ileile moja. Th�r�se unaweza kulikisia. Jina la ukoo la mtu usiyemjua, kutoka kijiji usichokijua, huwezi, na hupaswi kumbunia mtu jina lake.

Alama ya kuuliza katikati ya neno, Mo?ro, inaeleza habari hiyohiyo: programu imelazimishwa kuandika herufi isiyokuwemo katika jedwali lake, ikaweka ? mahali pake.

Kwa hiyo amri ya kwanza, mbele ya faili lililovurugika, ni kutobonyeza hifadhi. Ya pili ni kutunza nakala ya faili kama lilivyofika, bila kuligusa, na kufanyia kazi nakala nyingine. Baada ya hapo ujue kutofautisha vitendo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni kusoma baiti zilezile kwa jedwali jingine. Kingine ni kuzibadilisha baiti zenyewe ziende kwenye usimbaji mwingine. Notepad++ imevitenganisha kwenye menyu yake ya usimbaji. Faili likionekana limevurugika, anza na cha kwanza. Ukianza na cha pili, unaubadilisha mvurugiko kuwa maandishi rasmi.

"Dawa rahisi ni kuondoa alama zote: andika Therese, Moero, Ngona."

Si kweli kwamba ni dawa. Ni kulikata jina ili liingie kwenye fomu.

Mwaka 2017 machafuko katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya Wakongo kuvuka kuingia mkoa wa Luapula, Zambia, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya ya Nchelenge. Wengi wao walikuja wakizungumza Kiswahili cha Katanga, na karatasi walizokuwa nazo ziliandikwa kwa Kifaransa. Mwanamke ambaye cheti chake kinasema Thérèse anaweza, katika safari ya karatasi kutoka ofisi hadi ofisi, kuandikwa Therese hapa, ThÃ©rÃ¨se pale, na Th?r?se kwingine. Kwa kompyuta hao ni watu wanne. Anayeambiwa athibitishe kwamba wote wanne ni yeye ni mwanamke mwenyewe, wala si programu iliyomgawanya.

Kuna Wakongo wengi wanaoandika majina yao bila alama, hasa kwa herufi kubwa, na hiyo ni haki yao. Jina liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika. Kama ofisi inahitaji kutafuta kwa urahisi, iongeze safu ya pili ya kutafutia, isiyo na alama, inayotengenezwa na kompyuta kutoka safu ya kwanza, na safu ya kwanza isiguswe. Kuhusu Ngona bila ritifaa, msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa: ng na ng' ni sauti mbili, na kuifuta ritifaa ni kubadilisha jina.

Nyongeza kwa wanaotengeneza mifumo: hata wote wakiandika kwa UTF-8, é inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili. Inaweza kuwa herufi moja, 195 na 169, au e ya kawaida ikifuatwa na alama ya kukaa juu yake, 204 na 129. Kwenye kioo hazitofautiki hata ukiweka miwani. Kwa kompyuta isiyofundishwa ni maneno mawili. Unicode ina kanuni ya kuyaleta pamoja, inayoitwa NFC, na mfumo wowote wa majina unapaswa kuitumia kabla ya kulinganisha.

"Ujumbe wa simu wenye herufi yenye alama unagharimu zaidi."

Kweli, ingawa si kwa kila herufi.

SMS moja ina baiti 140. Jedwali la msingi la GSM hutumia biti 7 kwa kila herufi, ndiyo maana ujumbe mmoja unabeba herufi 160. Jedwali hilo lina é, è na à, kwa hiyo Thérèse haliongezi gharama. Halina ë, wala ê, wala ç ndogo, wala ritifaa iliyopinda. Ikiingia moja tu kati ya hizo, ujumbe wote huhamishiwa kwenye usimbaji wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe mrefu unaokatwa vipande unabeba 67 katika kila kipande. Maana yake ujumbe wa herufi 150 wa kuwakumbusha kina mama siku ya kliniki, uliokuwa SMS moja, unakuwa SMS tatu kwa sababu ya ’ moja ndani ya neno ng’ambo. Zidisha kwa kila mama aliye kwenye orodha. Anayelipa kwa ujumbe anapaswa kulijua hili kabla ya kunakili maandishi kutoka Word na kuyabandika kwenye mfumo wa kutuma.

"Tukitumia UTF-8 sote, shida zimekwisha."

Karibu kweli, kwa maandishi mapya.

UTF-8 ilibuniwa Septemba 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, waliochora muundo wake kwenye karatasi ya mezani wakiwa mgahawani New Jersey. Walichokifanya kilikuwa cha busara sana: nafasi 128 za ASCII zilibaki kama zilivyo, na kila herufi nyingine ya Unicode, ambazo leo ni zaidi ya 150,000, ikapewa baiti mbili, tatu au nne zenye muundo usiochanganyika na ASCII. Ndiyo maana makosa hugundulika, na ndiyo maana � inaweza kutokea badala ya uongo usioonekana. Kwa orodha inayovuka ziwa kwa barua pepe au kwa flashi, UTF-8 ndiyo makubaliano pekee yanayofaa, na mtumaji aandike hivyo kwenye ujumbe wake au kwenye jina la faili.

Hata hivyo UTF-8 haigeuzi yaliyokwisha kuandikwa. Na kwetu sisi wa Kiswahili, yaliyokwisha kuandikwa yanaanza mbali. Mwaka uleule wa 1867 Livingstone alipofika Mweru, mfanyabiashara Tippu Tip alipigana na mtawala Nsama katika nchi ya Itabwa, kati ya ziwa hili na Tanganyika. Baadaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hati iliyotumika Unguja na Mombasa kwa barua, hesabu na tenzi. Mtu akipiga chapa maandishi ya namna hiyo kwa UTF-8, kisha yakasomwa kwa Windows-1252, hupata mistari ya Ø na Ù isiyosomeka. Hayo hutibika kama MoÃ«ro inavyotibika. Lakini majedwali ya zamani ya Kiarabu yalikuwa na upungufu usiotibika. Jedwali la kimataifa la ISO 8859-6 halina پ ya pwani wala چ ya chakula. Windows-1256 inazo hizo mbili, ila haina ڤ, ambayo baadhi ya waandishi huitumia kwa v. Aliyeandika neno vita kwa jedwali hilo alilazimika kutumia ف, yaani f, na sauti ya v haikuingia kwenye faili kabisa. Anayehamisha faili kama hilo kwenda UTF-8 leo atapata fita, imesimbwa kwa usahihi kamili, na atahitaji mtu anayeijua lugha kukaa nalo, mstari kwa mstari, kurudisha kila v mahali pake.